Mbu wa Wodi ya Mifupa

"Usimlaumu mbu kabla ya kutazama mikono yako." Mmemsikia mfagiaji akisema hivyo, mkacheka, na sasa mnaniuliza mimi mstaafu imetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianzia humu humu, kwenye wodi hii mnayojifunzia uuguzi.

Huku milimani kuna baridi, na mbu ni mgeni. Ndiyo maana tulishangaa mwaka ule wagonjwa wanne waliolazwa kwa kuvunjika mifupa walipopata malaria, mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa Yusta, mtoto wa miaka tisa ambaye hakuwahi kushuka bondeni hata siku moja.

Muuguzi mkuu wa wodi hakujiuliza mara mbili. Alimwendea Mzee Luvanda, mtunza bustani, aliyeotesha maua kwenye makopo chini ya madirisha. "Makopo yako yanafuga mbu," akamwambia. Makopo yakatupwa, dawa ikapulizwa, vyandarua vikafungwa. Mzee akaonywa kwamba akiugua wa tano, kazi hana. Na wa tano akaugua.

Sasa, Obeid Mahenge wa maabara alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo. Siku tatu alitafuta mbu nyuma ya makabati na uvunguni mwa vitanda, asipate hata bawa. Akageukia vitanda vyenyewe. Kumbe wote watano walikuwa na mpira wa dripu mkononi! Wasio na mpira walikuwa salama. Tena balaa lilianza baada ya kulazwa dereva wa lori kutoka Kyela, kule bondeni, aliyevunjika paja na kuja na malaria yake damuni bila hata homa.

Asubuhi moja Obeid akamfuata muuguzi mkuu aliyekuwa akipita na trei yake kitanda hadi kitanda.

"Sista, hayo maji ya chumvi ni ya nini?"

"Ya kuzibua mipira, damu isigande."

"Na sindano?"

"Kila mgonjwa na yake. Kwani unanionaje?"

"Na bomba la sindano?"

"Bomba moja latosha wodi nzima. Lenyewe halimgusi mtu."

Mabomba yalikuwa adimu wakati ule, na muuguzi yule alijivunia kutopoteza kitu. Obeid akangoja amalize kwa dereva, akaliomba bomba. Matone yaliyobaki akayaweka kwenye kioo, akayatia rangi, kisha akampisha muuguzi aangalie kwenye hadubini yeye mwenyewe. Aliona chembe za damu ya dereva zilizorudi alipovuta bomba, na ndani yake vijidudu vya malaria. Akaenda moja kwa moja bustanini.

Alimkuta Mzee Luvanda akifunga jembe na mabuti yake aondoke.

"Mzee wangu, nisamehe. Mbu alikuwa mimi."

Mzee akaweka jembe chini. Alikuwa na haki ya kutukana, lakini hakutukana.

"Mwanangu," akasema, "siku nyingine usimlaumu mbu kabla ya kutazama mikono yako. Haya, niambie makopo yangu mliyatupa wapi."

Yusta na wenzake walitibiwa wakapona, na tangu siku ile bomba moja likawa la mgonjwa mmoja.

Mnataka kumjua muuguzi huyo? Sogeeni. Mikono yenyewe ni hii, na hadi leo naionea aibu. Itazameni vizuri, kisha mtazame na yenu, ndipo mwende wodini. Usimlaumu mbu kabla ya kutazama mikono yako.