Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, maana simu za kupiga picha zilikuwepo na zilichangia balaa lenyewe, hospitali ya mji wa Mtitiri ilijengewa chumba cha wagonjwa mahututi. Kitanda kinainuka kichwani, kinainuka miguuni. Mashine ya oksijeni mpya kabisa. Kioo kinachochora mapigo ya moyo. Vyote vimefunikwa nailoni, na mlangoni umefungwa utepe mwekundu. Chumba hakitumiki. Kwa nini? Mgeni rasmi hajakizindua.

Wodi ya wazazi, ukuta wa pili, ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Ulikwisha kitambo, ukapewa kazi ya kuzuia mlango usijibamize kwa upepo. Kazi hiyo uliifanya vizuri, tusiusingizie.

Asubuhi ya uzinduzi, Sikudhani, binti pekee wa Bi Mwanjaa, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akalia vizuri. Mama akatokwa na damu nyingi. Damu ikazuiwa, lakini pumzi ikagoma. Akawa anavuta hewa kwa mabega, midomo ikabadilika rangi.

Daktari mkuu, Kaseko, alimtazama mara moja tu. "Huyu ni wa chumba kipya. Sasa hivi!" Akatoa ufunguo, akaenda mbio. Mlangoni alisimama Bwana Mlekwa, afisa itifaki, katika suti yake na jasho lake.

"Daktari, utepe!"

"Kuna mgonjwa anakata roho."

"Na mheshimiwa akija akate nini? Mgeni yuko njiani. Subiri kidogo."

Na daktari, msomi mzima, akaurudisha ufunguo mfukoni.

Bi Mwanjaa akaja. "Baba, mwanangu anakufa." Akajibiwa, "Mgeni yuko njiani, mama." Akarudi wodini, akampepea mwanawe kwa upande wa kanga. Akaja tena. "Mgeni yuko njiani, mama."

Mara Mlekwa akakumbuka kwamba kitanda kitupu hakipendezi kwenye picha. Anatakiwa mgonjwa! Hapo mnadhani alimkumbuka Sikudhani. Hamumjui Mlekwa. "Yule anakoroma, atamtia mheshimiwa simanzi," alisema. "Nataka mgonjwa wa mfano." Akachukuliwa Shomvi, dereva wa hospitali, mzima wa afya, ndiyo kwanza katoka kunywa supu ya kongoro. Kaseko akamfungulia, wakampitisha mlango wa nyuma.

Ndiyo, chumba kilikuwa na mlango wa nyuma. Msinikodolee macho mimi, sikukijenga.

Mgeni rasmi akafika jua likiwa kali. Akakata utepe. Makofi! Akaingia, akamshika Shomvi mkono. "Pole sana, ndugu yangu." Shomvi, ndani ya barakoa ya oksijeni, akakohoa kidogo kwa heshima. Makofi! Akatoka nje kuhutubia: tangu leo, hakuna mama wa Mtitiri atakayekufa kwa kukosa hewa. Makofi, na vigelegele! Katikati ya vigelegele hivyo Sikudhani akaacha kuvuta hewa. Hotuba ilipokwisha walikwenda kumtoa Shomvi kitandani, wakamkuta amepitiwa na usingizi, mashine bado inampulizia.

Msibani walikuja wote, kila mtu na uso wake wa msibani. Bi Mwanjaa alikuwa amempakata mjukuu. Akasema:

"Mimi nilizaliwa wakati wa njaa, nikaitwa Mwanjaa. Mwanangu nilimpata nikiwa nimekwisha kukata tamaa, nikamwita Sikudhani. Kwetu mtoto huitwa kwa lililomkuta. Basi huyu nitamwita kwa jina la aliyemuua mama yake. Akiitwa kula, mwenye jina asikie. Akiitwa shuleni, mwenyewe asikie. Haya, semeni."

Mlekwa akawahi. "Asiitwe Utepe! Utepe ni kitambaa, bibi, hata kuku anaupita. Mimi nilisema subiri, sikumshika mtu mkono. Mwenye ufunguo ni nani?"

"Asiitwe Ufunguo," akasema Kaseko, macho chini. "Aliyenitangulia alifungua wodi kabla ya mgeni, akahamishwa, na mji mzima ukakaa bila daktari. Ningehamishwa mimi, nani angewazalisha wengine? Isitoshe, mimi ndiye pekee niliyetaka kumwingiza. Aliyeivuta ile hewa ya mashine ni Shomvi."

Shomvi alikuwa analia. "Asiitwe Mfano, jamani! Mimi ni dereva. Nimeambiwa lala, nimelala. Ya wodi ya pili ningeyajuaje? Nilichokiona mimi ni dari tu. Kwani tulikuwa tunamngoja nani siku nzima?"

Mgeni rasmi akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha kweli kuliko cha Shomvi. "Asiitwe Mgeni. Kuchelewa nilichelewa, sikatai. Lakini nani aliniambia kuna mtu anakufa? Ningeambiwa, ningesema ukateni hata kwa meno. Nilifika nikapigiwa makofi, nikajua mambo ni mazuri."

Hapo vichwa vyote vikawageukia watu wa Mtitiri waliojaa uani. Wakaanza kuficha mikono kwenye kanga na mifukoni. "Asiitwe Makofi," wakanong'ona. "Tuliambiwa tupige, tukapiga. Na wengine tulikuwa mbali, hatukusikia vizuri."

Bi Mwanjaa akawatazama mmoja mmoja.

"Mmemaliza?" akauliza. "Basi mwanangu alijiua mwenyewe, kwa kutopumua."

Chai ya msibani ikapoa vikombeni, na mtoto akapitisha siku ile bila jina.

Haya, nyinyi mnaosikitika na kutikisa vichwa, mikono yenu naiona, iacheni palepale mapajani. Utepe, Ufunguo, Mfano, Mgeni, Makofi: kila jina limekataliwa na mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu yake. Mtoto ameamka sasa, analia, anataka kubembelezwa kwa jina. Je, tumwite nani?