Majembe ya Mama Mmoja

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, palikuwa na tajiri jina lake Shamsan, muuza majembe. Majembe yenyewe yalitoka ng'ambo, na kila moja lilikuwa na alama ya rangi: Simba, Ngamia au Mbuzi. La Simba likauzwa kwa wakubwa kwa bei ya ndama, la Ngamia kwa wenye nafasi zao, na la Mbuzi kwa sisi makapuku. Sultani mwenyewe hakukubali bustani yake iguswe na jembe lisilokuwa Simba, na kila mgeni aliyefika barazani alihadithiwa sifa za jembe hilo mpaka kahawa ikampoelea mkononi.

Basi palikuwa na kibarua mmoja, Bwanaheri, fukara wa kutupwa, lakini ulimi anao. Huyu alilima mashamba ya watu, leo kwa jembe la huyu, kesho kwa la yule. Siku moja akasema sokoni, "Jamani, majembe haya ni watoto wa mama mmoja. Malengelenge yangu hayajui Simba wala Mbuzi!" Watu wakacheka, wakaacha kununua. Shamsan akapandwa na mori, akaenda kushitaki.

Sultani naye akaona ametukanwa, maana jembe lake limefanywa ndugu na jembe la kibarua. Akamwita Bwanaheri, akamwambia, "Ewe mpumbavu, umesema hayo ni watoto wa mama mmoja. Ijumaa baada ya sala niletee huyo mama aje ashuhudie. Usipomleta, utatoka katika mji huu, na kibanda chako kitabomolewa."

Masikini Bwanaheri! Kibanda kile ndicho alichoachiwa na marehemu mamaye, na kwingine hana pa kulaza ubavu. Ila uso hakuukunja. Akangoja mpaka Shamsan amekwenda zake dukani kwa furaha, ndipo akasema, "Nimesikia na kutii, Maulana. Ila watoto nitawapata wapi, nami sina hata jembe la kupalilia mchicha? Niazime matatu ya bustani yako." Sultani akadhani mtu huyu anataka kujichimbia kaburi, akaamuru apewe.

Ikawa Ijumaa, baraza imejaa, Bwanaheri akaingia na ungo kichwani. Akautua, akafunua kanga. Mlikuwa na majembe matatu, yamevuliwa mipini, yamekwanguliwa rangi, yamepakwa mafuta, na kila moja limeviringishwa kitambaa kama kitoto kichanga.

"Mama yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Maulana, mama bado yumo katika arubaini yake, hatoki, nami mwanamume sikuthubutu kubisha hodi. Lakini watoto wamekwisha nyolewa, na kwa ada yetu mtoto akinyolewa hupewa jina na babaye. Baba yao si huyu hapa, Bwana Shamsan? Na awape majina."

Shamsan akacheka kwa dharau. "Ndiyo kazi hiyo? Mimi nayajua hata gizani!" Akainua la kwanza, akaligonga kwa ukucha. "Sikieni mlio huo. Simba huyu!" La pili akalipima uzito, akasema, "Ngamia." La tatu akalishika kwa vidole viwili, akakunja pua. "Hili Mbuzi. Bati tupu! Anayelilimia hili ni mtu asiye na haya."

Sultani akashika ndevu zake, akasema polepole, "Shamsan, yote matatu yametoka bustanini mwangu. Uliniuzia wewe mwenyewe, na yote kwa jina la Simba."

Lo! Jasho likamtiririka Shamsan mpaka kwenye kanzu. Akakiri kwamba majembe yote hufika katika kasha moja, na rangi huzipaka yeye mwenyewe ghalani.

Lakini Sultani hakuwa amekubali kushindwa. "Bwanaheri," akasema, "mahindi ya bustani yangu ni marefu kuliko ya mji mzima. Kama si kazi ya Simba, ni kazi ya nani?"

"Ni kazi ya watu wako wa bustani, Maulana. Hao ndio ambao hujapata kuwauliza majina."

Haya zikamshika Sultani. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaamuru majembe yote yauzwe kwa bei ya Mbuzi, na kibanda cha Bwanaheri kiezekwe upya kwa mali ya Shamsan. Halafu akashuka barazani kwa miguu yake mwenyewe, akaenda bustanini kuuliza majina.