Mtoto Hasikii

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, pale neno moja liliposemwa na baba na kusikika vingine kwa mkubwa wa kituo cha afya. Neno lenyewe lilikuwa "hasikii".

Baba huyo alikuwa fundi viatu, tena mgane. Mkewe alifia kwenye benchi la kituo cha afya akisubiri kuitwa, akamwachia binti mdogo ambaye kwa kupiga domo mtaa mzima ulimwita Chiriku. Baada ya mafua yasiyokwisha, Chiriku alianza kushika masikio na kulia. Homa ikapanda. Kisha maumivu yakatulia ghafla, usaha ukachuruzika juu ya mto. Majirani wakasema amepona. Lakini fundi alipogonga nyundo nyuma yake, mtoto hakugutuka. Na yule mwenye maneno kama mvua akawa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Fundi akafunga kibanda, akamshika mkono mpaka kituoni.

Mganga mkuu wa kituo alikuwa na kiti cha kuzunguka na simu isiyotoka mkononi. Hakuinua macho.

"Ana nini?"

"Shikamoo, mkuu. Mtoto hasikii."

"Watoto wa siku hizi nani anasikia? Hata wangu hasikii. Mchape."

"Siyo hivyo, mkuu. Hasikii kwa masikio."

"Kwani wengine wanasikia kwa pua?" Foleni ikaangua kicheko. "Mzee, sikio la kufa halisikii dawa. Dawa ya huyo ni fimbo. Mwingine!"

Wenye vyeo hawakosi majibu. Wanachokosa ni maswali. Fundi alirudi tena, safari hii usaha unanuka. Akaambiwa ni kawaida ya watoto, utakauka. Jirani akaleta mafuta ya moto ayamimine masikioni. Fundi akakataa: "Hata kwenye kiatu cha mtu simimini nisichokijua, sembuse mwanangu?"

Miezi ikapita. Siku moja mkuu akiwa semina, daktari mgeni wa masikio akapita kituoni, fundi akampeleka mtoto, akasema watu humwita mkaidi. Yeye alisimama nyuma ya Chiriku akanong'ona, "Pipi." Mtoto hakugeuka. Akasema kwa sauti. Wapi!

"Pole, baba. Huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa mbali tu, hatukumfikia."

Akasokota kitambaa laini safi kama utambi, akaufyonza usaha, akibadilisha mpaka utambi ukatoka mkavu. Kisha akachungulia kwa kitochi chenye mdomo mwembamba. "Njoo uone, baba."

Fundi akainama. Ndani ya mwanawe, mwisho wa kijia chembamba, palikuwa na ngozi iliyowambwa, nyembamba kuliko ngozi yoyote aliyowahi kuishika, ikimetameta kama utando wa kitunguu. Katikati pana tundu.

"Hicho ndicho kiwambo. Sauti hukigonga kama ngoma. Usaha ulijaa, ukakitoboa."

"Nani atakishona?"

"Hakuna. Sikio likitibiwa likakauka, mara nyingi tundu hujiziba lenyewe."

Fundi akatazama vidole vyake vilivyojaa makovu ya sindano. Alishona ngozi maisha yake yote. Hakuwahi kusikia ngozi inayojishona bila uzi. Akajikuta amevua kofia.

"Ila mngekuja usaha ulipoanza, baba."

"Tulikuja, mwanangu."

Daktari akainamisha macho. Akatoa dawa ya matone kwenye kabati la kituo, akampa, akamwonya: maji yasiingie masikioni, wala mafuta, wala kijiti, moshi uwe mbali na mtoto, na siku sikio likiuma kwa homa, aje siku hiyo hiyo. Jioni ile jiko la kuyeyushia gundi likahamia nje.

Asubuhi moja fundi alikuwa akigonga soli, Chiriku akageuka.

"Baba, nyundo inaongea!"

Nyundo ikabaki hewani. Fundi akaishusha taratibu, kama anayebisha mlango wa mfalme. "Inasemaje?"

"Inasema ko, ko, nipe chai!"

Fundi akacheka huku machozi yakimlowesha ndevu.

Sikio la kulia lilipona, tundu likajiziba. La kushoto halikurudi, lilisubiri mno.

Kwenye mkutano wa wazazi mkuu akasimama kuwahimiza watu. "Mnachelewesha watoto! Tunawaambia, hamsikii! Sikio la kufa halisikii dawa!" Makofi yakapigwa. Fundi akainuka, na kando yake Chiriku akageuza sikio zima ili asikie.

"Mkuu, mimi sikusoma, nifundishe. Nilikuja mapema, mtoto mkononi, dawa ikiwa kabatini kwako. Nikasema hasikii, wewe ukasikia mkaidi."

Mkuu akaangalia simu yake.

"Basi niambie, mkuu," fundi akamalizia. "Sikio la kufa halisikii dawa, hilo nimekubali. Lakini siku ile, lililokuwa la kufa lilikuwa la mwanangu, au lako?"