Nani Alimnyanyua Nyandeng?

Sogeeni karibu, hasa ninyi mnaopenda kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Leo nawapa kesi, na hukumu ni yenu.

Katika bweni la wasichana la chuo kikuu kimoja cha Kilutheri kulikuwa na chumba chenye vitanda vinne. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha Ndeshimona, Mchaga wa Machame, ambaye kipaji chake kilikuwa kulisha. Mtu akiugua bwenini, aliitwa yeye kabla ya nesi. Cha pili kilikuwa cha Kokubanza, Mhaya, mwenye sauti ya kuomboleza. Akianzisha kilio msibani, hata waliofuata pilau wanalia. Cha tatu kilikuwa cha Nakijwa, Mpare, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Yeye na Ndeshimona ni watani kwa kabila, basi kutwa nzima ni kurushiana maneno. Nakijwa anamwambia mwenzake kwamba Mchaga angemuuza hata bibi yake kama angepata mnunuzi; yule anajibu kwamba Mpare akiibiwa ndizi moja, anauza shamba apate nauli ya kwenda mahakamani. Wanacheka, wanalala.

Kitanda cha nne kilikuwa cha Nyandeng. Alitoka Sudan Kusini, akakulia kambi ya wakimbizi, na kanisa ndilo lililomleta chuoni. Sharti lilikuwa moja tu: akikosa mtihani wa muhula, ufadhili unakatika na anarudi kambini.

Jumapili moja, wakitoka ibadani, alipigiwa simu na mtu wa kambini kwamba mama yake amefariki na ameshazikwa. Nyandeng akaweka simu chini ya mto, akaketi kitandani akiutazama ukuta. Hakulia. Hakula. Hakusema neno. Mchungaji wa chuo alikuja akasali, akampa pole, akaenda zake. Mitihani ikawa inakaribia, na yule msichana yuko pale pale.

Ndeshimona akaanza. Kwao, mfiwa akibaki na njaa aibu ni ya majirani. Akapika mtori mzito, akaupuliza, akaupeleka mdomoni. Nyandeng akafumba mdomo. Ndeshimona akamkalia mapajani, akambana pua kama mama anavyomnywesha mtoto dawa, na mdomo ulipofunguka akamimina. Alifanya hivyo kila siku, mara nyingine mbele ya watu. Nyandeng alimeza huku macho yamemtoka. Lakini alimeza, na nguvu zikaanza kumrudia.

Kokubanza akafuata. Bibi aliyemlea alimfundisha kwamba marehemu asiyeliliwa kwa jina lake ametupwa, hakuzikwa. Akampigia yule mtu wa kambini, akamdodosa mpaka akalipata jina la marehemu, kisha akaketi sakafuni, akaanza. Alimwita mama yule kwa jina, akamuuliza amemwachia nani mwanawe, akamsihi ageuke japo mara moja. Wasichana wakatoka vyumbani, korido nzima ikalia. Nyandeng akaziba masikio, akatikisa kichwa, akampungia mikono. Kokubanza akadhani uchungu ndio unatoka, akapandisha sauti. Hatimaye machozi yakamtiririka Nyandeng, kimya kimya, bila mdomo kufunguka.

Akabaki Nakijwa. Kwao, msiba usio na watani haujaisha. Mtani huja amevaa nguo za marehemu, akaigiza alivyotembea na alivyokohoa, akawasema wafiwa mpaka wacheke. Sasa, Nyandeng hakuwa mtani wa mtu yeyote katika nchi hii. Nakijwa akaamua kwamba hilo ndilo tatizo. Asubuhi ya mtihani akatoa sandukuni kitenge ambacho Nyandeng alipewa na mama yake siku ya kuagana, akajifunga, akapinda mgongo, akaingia akichechemea.

"Mimi mama yako," akasema. "Nimekufa nikiitazama barabara, nikisema labda leo atakuja. Kumbe umelala huku unabanwa pua na Mchaga."

Nyandeng akainuka. Akampiga Nakijwa ngumi ya mdomo, akamng'ang'ania, kitenge kikachanika katikati. Akapiga ukunga, akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka wenzake wakaogopa. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimama, akanawa uso akaenda kwenye mtihani. Akafaulu.

Muhula uliofuata wakaja wageni wa chuo rafiki cha Ujerumani. Walileta nafasi moja ya kwenda kusoma kwao, kwa mwanafunzi aliyevuka utamaduni wake akamfikia mwenzake. Chuo kizima kikataja chumba kile. Kuanzia hapo wale watatu hawakuteka tena maji kwa ndoo moja.

Mbele ya kamati, Ndeshimona akasema asiyekula hasimami, hata umtukanie mama. Kokubanza akajibu kwamba tumbo lilikuwa limeshiba siku nyingi na mtu bado ni jiwe. Yeye ndiye aliyelipasua. Nakijwa akawaonyesha pengo la jino.

"Ninyi mlimpenda bila hasara," akasema. "Mimi nilikubali anichukie."

Mchungaji aliyeongoza kamati akamwita Nyandeng atoe ushahidi, wageni wakipiga picha. Kama anataka au hataki, hakuulizwa. Akasimama.

"Huyu alinishika kama mbuzi. Huyu alitaja jina la mama yangu, na nyumbani kwetu jina la marehemu halitajwi mpaka matanga yaishe. Nilimkataza kwa mikono. Huyu alivaa nguo yake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwetu tunaliaje."

Mgeni mmoja akauliza kwa upole kwa nini nafasi isiende kwa Nyandeng mwenyewe, maana ndiye aliyejifunza tamaduni tatu kwa mwili wake mwenyewe. Mchungaji akamnong'oneza kwamba mkimbizi hana pasipoti. Alinong'ona kwenye kipaza sauti.

Nyandeng alikuwa bado amesimama. "Bila wao ningekuwa kambini," akasema. "Hilo nalo mlisikie." Akaketi.

Kamati imeshindwa kuamua. Wageni wanaondoka kesho, na jina lisipotajwa nafasi inarudi nao.

Msinitazame mimi. Na msiniletee jibu la wagawane, kiti cha ndege hakigawanywi. Msiniambie pia kwamba wote walikuwa na nia njema. Nia njema ndiyo iliyombana pua. Mlishaji, mwombolezaji, mtani: mmoja akikosekana, Nyandeng hainuki. Na wote watatu walimuumiza. Yeye amekaa hapo mstari wa mbele, anasubiri kuwasikia.

Haya, mwenye hukumu asimame. Unamtaja nani, na utamweleza Nyandeng kwa nini?