Makofi Hayazibi Paa

Makofi hayazibi paa. Ndivyo alivyosema Mama Lusekelo jana kwenye kikao cha mtaa, pale katibu alipoitisha makofi; katibu akanywea na ninyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Halikutoka mbali. Lilizaliwa kwenye maktaba yetu hii hii ya Ilolelo, na lilimtoka mwanamke aliyekuwa amechoka. Sikilizeni lilivyoanza.

Mwanamke huyo aliitwa Tukuswiga. Alikuwa mkunga mstaafu, na watoto wengi wa mtaa aliwapokea kwa mikono yake. Baada ya kustaafu ikamuuma kuona watoto wale wale wanamaliza shule ya msingi huku wakisoma kwa kukwamakwama, kama gari lenye mafuta machafu. Akajiunga na watu waliojitolea kuendesha maktaba ndani ya ghala la zamani la kahawa. Walijiita Marafiki wa Maktaba. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Ambakisye, mtu mwema, mwenye sauti nzito, aliyependa kikao kuliko chakula.

Paa la ghala lilikuwa na tundu, juu kabisa ya rafu ya vitabu vya watoto. Bati la kuzibia lilikuwepo, limeegemezwa ukutani kwa nyuma. Misumari ilikuwepo. Hata ngazi ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kupanda. Tukuswiga magoti yalikuwa hayamruhusu, kwa hiyo kila kikao alisimama na kuomba.

"Ndugu zangu, mvua zinakaribia. Nani atapanda?"

"Hoja nzito hiyo," Mwalimu Ambakisye alikuwa akijibu. "Wajumbe, mnauona moyo wa mama huyu? Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Kikao kikafungwa kwa sala, wakanywa chai, wakaenda zao, na Tukuswiga akabaki anaosha vikombe huku akijisemesha peke yake. Mara fundi mmoja miongoni mwao akaahidi kupanda Jumamosi. Jumamosi ikaja na harusi ya shemeji yake. Mara ikaamuliwa iundwe kamati ndogo ya paa. Ikaundwa, ikapigiwa makofi, na haikukutana hata mara moja. Mwishowe Tukuswiga akaleta sufuria yake kubwa kutoka nyumbani, akaitega chini ya tundu.

Ikafika Siku ya Kusoma, sherehe waliyoisubiri kwa hamu. Turubai likafungwa uwanjani mbele ya maktaba, spika zikawekwa, na watoto wakapangwa tayari kuwasomea wazazi wao hadithi. Lakini kwanza hotuba. Mwalimu Ambakisye alikuwa katikati ya kueleza kwamba kitabu ni taa, wakati wingu lilipoteremka kutoka mlimani. Na mvua ya huku kwetu mnaijua, haibishi hodi.

Tukuswiga akakimbilia ndani. Sufuria ilikwisha kufurika, na maji yalikuwa yanashuka moja kwa moja juu ya rafu ya watoto. Akakumbatia vitabu kadiri mikono ilivyoweza, akatoka navyo, akavitua kwenye meza ya wageni. Akarudi. Akatoka na vingine, kitambaa kimemtoka kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kidevuni.

Mwalimu Ambakisye akamwona, uso ukamng'aa. "Mnaona, ndugu wananchi!" akanguruma. "Huku ndiko kujitolea! Makofi kwa mama yetu!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Na vigelegele juu.

Tukuswiga akasimama pale pale. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata kwenye uzazi mgumu.

"Makofi hayazibi paa!" akapiga kelele. "Mmenipigia makofi mara ngapi? Nimeshiba makofi! Mikono mnayo, mnaipigapiga tu. Haiwezi kubeba kitabu?"

Ikabaki sauti ya mvua inayochapa turubai. Mwalimu alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Mkewe, aliyekaa karibu yake, akamwinamia.

"Baba Lusajo, weka hicho kidude chini ukabebe vitabu."

Alidhani ananong'ona. Spika zikalipeleka neno hilo mpaka barabarani.

Mwalimu akaweka. Akaingia ndani na suti yake, fundi nyuma yake, na uwanja mzima ukafuata. Lakini vitabu vingi vilikuwa vimekwisha kulowa, na jua halikuwepo. Tukuswiga akampa kila mtu mzigo wake.

"Kavikausheni jikoni. Fungueni ukurasa mmoja mmoja, la sivyo kurasa zitagandana."

Jioni hiyo Ilolelo yote ikakaa mekoni, ikifungua kurasa. Sasa, huwezi kufungua ukurasa jicho lisianguke juu yake. Wanawake waliokuja kwenye sherehe kwa ajili ya pilau wakajikuta wanawauliza watoto wao, "Hebu nisomee, kisha ikawaje?" Fundi alikataa kula mpaka ajue sungura ametokaje shimoni. Mwalimu Ambakisye alikuja kukiri mwenyewe kwamba hakuwa amemaliza kitabu chochote tangu aache kufundisha, mpaka siku ile.

Vingine havikupona. Tukuswiga aliwasha moto akavichoma mwenyewe. Vilivyopona vilirudi vimevimba kama maandazi, na watoto walivigombania hivyo hivyo. Bati lilikuwa limekwisha kupigiliwa asubuhi iliyofuata sherehe, fundi juu, Mwalimu chini ameshika ngazi.

Watu waliporudisha vitabu walikuta sakafu ya maktaba bado ina matope. Tukuswiga akawashukuru kwa maneno machache. Mwalimu Ambakisye, kwa mazoea, akainua mikono yote miwili. Macho yake yakakutana na ya Tukuswiga. Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka, ikachukua ufagio.

Kwa hiyo Mama Lusekelo hakumtukana katibu jana. Alikuwa anauliza nani atashika ngazi. Makofi, wanangu, hayazibi paa.