Mikono Safi ya Mwadime

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmeshiba?

*Tungeshiba tungekuwa hapa?*

Basi sogeeni, ninyi wa nyuma. Na wewe mzee wa kanisa, usinikunjie uso kabla sijakosea.

Hapo kale, nchi ikiwa na watu wachache na vumbi jingi, ilikuja njaa. Mwaka wa kwanza watu walikula akiba. Mwaka wa pili wakala mbegu. Mwaka wa tatu wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia, wakanywa mchuzi wake, wakaambiana ni mtamu.

Ndipo baragumu likalia kutoka mlimani. Mjumbe wa Mfalme akatangaza: "Nyumbani kwa Mfalme kuna chakula, cha leo na cha siku zote. Njooni wote! Msibebe kitu. Njooni na mikono yenu ilivyo, Mfalme mwenyewe atawanawisha mlangoni."

Maneno mepesi, sivyo? Hata mtoto angeyaelewa. Ndiyo maana yalimshinda mtu mwenye akili.

Mtu huyo aliitwa Mwadime. Alikuwa mtu mwema sana. Nani alisema? Alisema mwenyewe, tena kila siku, watu wasije wakasahau. Mkewe Wakesho alikuwa ametoka kuchimba mizizi, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Baba Mghoi," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekwisha kuhamia mbali, "twende. Nguvu zinaniishia."

"Twende hivi hivi, Mama Mghoi? Mkono mtupu haulambwi, sembuse mchafu! Mimi nitafika nimeshanawa."

"Si amesema atatunawisha?"

"Hiyo ni adabu tu ya wakubwa. Anatupima."

Basi akanawa. Akanawa kwa majivu, mtungi wa kwanza ukaisha. Akanawa kwa limau, mtungi wa pili ukaisha. Akanawa kwa mchanga, na mtungi wa tatu ukaisha.

"Hayo yalikuwa maji ya kunywa!" Wakesho akalia.

"Utakunywa kwa Mfalme," akajibu mwema wetu.

Wakesho akamtazama, akafyonya, akashika njia na udongo wake. Mwadime akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja vikitazama mbingu, isiguse hata vumbi. Akaenda akiimba:

*Nimenawa, nimenawa,*
*majivu, limau, mchanga!*
*Fungua mlango, Mfalme,*
*mwenye mikono anakuja!*

Itikieni basi! Au ninyi pia mmenawa?

*Nimenawa, nimenawa!*

Ehee. Akamkuta bikizee na mzigo wa kuni. "Mwanangu, nitwike." Mwadime akasema, "Bibi, ningekutwika, lakini nimenawa." Akapita.

Akamkuta kipofu penye korongo. "Ndugu yangu, nishike mkono nivuke." Mwadime akasema, "Ndugu, ningekushika, lakini nimenawa." Akapita.

Inzi akamtua puani. Akatembea puani kwa raha zake, akaingia tundu la kulia, akatokea la kushoto. Mwadime akasema, "Inzi, ningekufukuza, lakini nimenawa." Huyo hakupitwa. Walisafiri pamoja.

Sasa, wenzangu, kunguru hajui njaa, na kunguru naye ana haja zake. Akaona chini viganja viwili vimetandazwa. Kunguru wa kwanza akajisaidia kwenye kiganja cha kulia. Wa pili, cha kushoto. Wa tatu, sijui alikula nini, akagawa kote kote. Mwadime akahisi ubaridi. "Umande wa baraka," akasema, akaongeza sauti ya wimbo. Mikono iko juu ya kichwa, macho yako mbele, angeona wapi? Nyani haoni kundule.

Siku ya tatu akafika. Harufu ya ugali na nyama ikamjia, machozi yakamlengalenga. Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini alisimama mtu mmoja, taulo begani, birika mkononi, beseni miguuni. Mbele yake alikuwa Mwakio, mwizi wa kuku anayejulikana nchi nzima, manyoya bado yamegandia vidoleni. Kuku wa nani? Wa Mwadime, tena wa mwisho.

"Bwana," Mwakio akasema, "mikono hii imeiba."

"Naiona. Inyooshe."

Akainyoosha. Maji yakamwagika, beseni likawa jeusi. Yule mtu akamfuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja, kama mama na mtoto wake. "Pita ukale." Mwakio akaangua kilio, akapita.

Mwadime akawaka. "Wewe mtumishi! Mwizi huyu unampitisha hivi hivi? Niitie Mfalme!"

"Mfalme ndiye mimi, Mwadime. Karibu. Nyoosha mikono."

"Mfalme hashiki birika! Na mimi nimeshanawa. Majivu, limau, mchanga! Nipishe niingie kwa haki yangu."

Waliokuwa ndani wakatazama ile mikono. Hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka, lakini wao walikuwa wametoka kunawishwa, walikumbuka ya kwao.

"Mwadime," Mfalme akasema kwa upole, "hebu ishushe uitazame."

"Nikiishusha itachafuka!"

"Baba Mghoi!" Wakesho akatoka mbio na bakuli. Mikono yake ilikuwa imetakata, mashavu yameanza kurudi. "Baba Mghoi, nakusihi. Ni maji tu. Hakuniuliza hata jina. Nyoosha mikono, mume wangu, utakufa!"

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Mghoi."

"Haulambwi," Mfalme akasema, "lakini hujazwa."

Mwadime akalitazama bakuli. Njaa ilikuwa inamkata matumbo. Mikono yake ikashuka kidogo. Ikafika usawa wa utosi. Ikafika masikioni. Kidogo tu, jamani, kidogo tu! Hapo Mwakio akatokea nyuma ya Wakesho, mdomo unang'aa mafuta, akamwambia kwa furaha ya kweli, "Njoo, ndugu yangu, kipo cha kutosha!"

Ndugu! Kuitwa ndugu na mwizi wa kuku! Tena waingie mlango mmoja, kwa birika moja! Mikono ikarudi juu, palepale.

"Nitangoja," Mwadime akasema, "mpaka wanaostahili watakapoitwa."

"Basi nami nitangoja," Mfalme akasema. Wala hakuufunga mlango.

Siku ya kwanza Mwadime akakonda kama mchi. Siku ya pili akakonda kama ufito. Siku ya tatu akakonda kama bua la mtama, akawa kijani kama majani ya ua wa Mfalme yaliyomzunguka. Shingo ikarefuka kwa kuchungulia nani anaingia bila kustahili. Macho yakamtoka. Akapungua, akapungua, Wakesho akimwita asubuhi, akimwita mchana, akimwita jioni, mpaka siku moja akaita na hakuona mtu, ila kidudu kimesimama kwenye jani. Akaketi kizingitini akalia, na Mfalme akalia pamoja naye. Hapa pananiuma kila ninaposimulia, kwa sababu maji yalikuwepo.

Kidudu hicho mnakijua. Ni vunjajungu. Mnamkuta shambani, amesimama kimya, mikono ameiinua mbele yake. Wapo wasemao anasali. Wapi! Haombi kitu yule. Anaonyesha mikono.

Ngano nimeitua, mzigo si wangu tena. Mwenye njaa na aingie, mwenye kustahili abaki nje na umande wake.