Mwonja Chumvi wa Mtaa wa Nili

Wamesimulia waliosimulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba Sheikh Mukhlad bin Rabah, Allah amrehemu, aliizunguka dunia akairudia, na hakuna mji alioingia asipotee. Njia ya Bukhara aliijua. Ya kwenda kisimani ilimshinda. Mwenyewe akisema, "Mola kanipa miguu ya msafiri na kichwa cha kuku, namshukuru kwa vyote viwili."

Basi mwaka mmoja, katika mfungo wa Ramadhani, alifika mji mmoja wa Yemen ambao watu wake kazi yao ni kutia nguo rangi ya nili. Mzee Wahb, mmoja wa mafundi hao, akamkaribisha futari, akamwelekeza: "Nyumba yangu mlango wake wa buluu." Mji mzima milango ilikuwa ya buluu.

Adhuhuri, jua la utosi, Sheikh akausukuma mmoja kwa kubahatisha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepata nyumba aliyoikusudia. Ila mlango ulikuwa wa nyuma, wa jikoni. Mbele yake akamwona binti, mtu mzima mwenye akili zake, kaketi katikati ya vyungu, kijiko kinywani, anameza.

Damu ikamchemka. Akasimama palepale akatoa waadhi wa moto wa Jahannamu, kwa sauti ya msikitini. Majirani wakaanza kuchungulia kutoka juu ya madari. Binti akamsikiliza kwa adabu, kijiko mkononi. Sheikh alipotua kuvuta pumzi, ajuza mmoja aliyekaa kando ya kinu akauliza, "Umemaliza, Sheikh?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi mpishe aonje hicho chungu cha mwisho. Ndicho cha futari yako."

Madari yote yakaangua kicheko. Sheikh akatamani ardhi ipasuke immeze; haikummeza, labda nayo ilikuwa imefunga.

Ndipo akaelezwa. Binti yule alikuwa Lubaba, mwana wa Mzee Wahb, na tangu utotoni alikuwa na maradhi ya damu na mifupa. Yakimjia humlaza siku kadhaa akilia kwa maumivu. Yakiondoka huinuka kama aliyetoka harusini. Kiu ndiyo iliyoyaita, na kwa hiyo tabibu na kadhi wote wawili walimkataza kufunga. Kila siku aliyokula alitoa fidia, akilisha maskini kama sheria inavyoamuru. Mwaka wa kwanza alilia kwa kukosa kufunga na wenziwe. Mwaka wa pili akagundua kuwa katika mtaa mzima yeye peke yake ndiye awezaye kujua mchuzi una chumvi au hauna. Tangu hapo, kila Ramadhani, vyungu vya mtaa vilipita kwake kabla ya alasiri, na futari ya mtaa ule ikawa na sifa hata kwa wageni.

Sheikh akaomba radhi, macho chini. Lubaba akamwambia, "Usijali, baba. Waadhi wako ulikuwa mtamu. Umepungua chumvi kidogo tu."

Sasa, yule ajuza wa kando ya kinu alikuwa Bibi Hamdana, mwalimu wa Qur'ani wa wanawake na mabinti. Macho yalikuwa yanamwisha, na alitaka kukabidhi darasa lake siku ya khitma, Ramadhani ikiishia. Lubaba alikuwa amehifadhi Kitabu chote, mwingi wake kitandani, na hapa duniani hakuna alichokitamani kama darasa lile. Lakini kina mama walinong'ona: mwalimu gani huyu, leo yupo, kesho kalazwa? Bibi Hamdana akawaambia atamwuliza swali moja mbele yao wote, kisha ataamua.

Siku ilipofika, Sheikh akaombwa akae nyuma ya pazia akisikilize kisomo cha Lubaba. Kwa kuwa moyo wake ungali na deni la aibu, alimnong'oneza mapema: "Binti yangu, ukiulizwa swali gumu, sema insha'Allah, unyamaze. Ni neno pana, linaenea popote."

Lubaba akasoma, na wachota maji wakasimama njiani na ndoo zao. Alipomaliza, Bibi Hamdana akauliza:

"Lubaba, mwanangu, utakuja kila siku?"

Nyuma ya pazia Sheikh akaanza kukohoa, na katika kikohozi chake mkasikika insha'Allah mbili tatu.

Lubaba akacheka, kisha akasema, "Bibi, Sheikh ananihurumia. Lakini hilo ni neno la kumtegemea Mola wangu, sitalifanya pazia. Sitakuja kila siku. Ziko siku mifupa itanishika na hamtaniona. Ziko siku nitasomeshea kitandani, kama wanafunzi wataridhia kuketi chumbani mwangu. Na siku nitakapokuwa na nguvu, nitasomesha mpaka mnifukuze. Nilicho nacho ndicho hicho."

Mama mmoja, Khawla, akaguna. "Na wanetu wakae wakikungoja wewe?"

Bibi Hamdana akamgeukia. "Wewe Khawla! Mimi na umri huu, meno yamenibaki mawili na hayo hayasemezani. Binti zako wote umeniletea. Uliwahi kuniuliza kama kesho nitaamka? Huyu akikwambia chungu chako hakina chumvi, unamwamini na unaongeza. Mwamini na kwa hili."

Akamwekea Lubaba msahafu mapajani. Vigelegele vikapasua dari, na aliyevipiga kwa nguvu zaidi alikuwa Khawla.

Ndugu zangu, wako waliodhani subira ni kukaa kitako, wakingoja maradhi yaishe ndipo maisha yaanze. Mja yule mwema hakungoja. Alimshukuru Mola kwa siku aliyopewa, akasema kweli juu ya siku asiyopewa, akaolewa na fundi mwenye mikono ya buluu hadi viwikoni, na sauti za wanafunzi wake zikajaa mtaa.

Baada ya miaka mingi Sheikh Mukhlad alirudi mji ule, amembebea Lubaba chupa ya maji ya Zamzam. Akapotea, akaingia tena kwa mlango wa jikoni. Akamkuta kitandani uani, mto mgongoni, mabinti wamemzunguka, mmoja wao anasoma naye anamfuatisha kwa kidole hewani.

"Maskini binti yangu," Sheikh akasema kwa sauti ya majonzi, "hujapona tu?"

"Sijapona, baba, sijapata nafasi. Kaa chini, umemkatiza mtoto aya."